Wakili Anajibu: Jaji Amekataa Kupunguza Adhabu ya Mdogo Wangu

SWALI: Shikamoo Wakili. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mdogo wangu wa kiume alivuka Sirari mwaka 2009 kwenda kuvua upande wa Kenya. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 22, aligombana na mvuvi mwenzake kwa ajili ya nyavu zilizokatwa usiku, akampiga kwa kasia kichwani, na yule mtu akafariki siku ya pili. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya huko ilimtia hatiani kwa mauaji na kumhukumu kifo. Rufaa yake ilitupwa mwaka 2016, na mwishoni mwa mwaka huohuo Rais wa Kenya alibadilisha adhabu za waliohukumiwa kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akiwemo. Wenzake gerezani walimweleza habari za uamuzi wanaouita Muruatetu, akaandika maombi ili adhabu yake isikilizwe upya. Tarehe 12 Februari mwaka huu Jaji ameyakataa. Askari magereza mmoja anamwambia akate rufaa, mwingine anasema mlango umefungwa kwa kuwa rufaa alishakata zamani. Nimekutumia nakala ya uamuzi, ambayo mwalimu jirani yetu amenifasiria. Mdogo wangu afanye nini, na sisi tulioko Mwanza tufanye nini?
Dada wa Mfungwa, Kirumba

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa miaka yote hiyo. Nimeusoma uamuzi uliouleta, kurasa zote tano, pamoja na tafsiri ambayo mwalimu ameiandika kwa penseli pembeni, na ukurasa wa tatu na wa nne nimeurudia mara kadhaa, kwa sababu rufaa ya mdogo wako, kama ipo, imo humo.

Nianze na lile linalowagawa askari wawili. Yule anayesema mlango umefungwa amechanganya mambo mawili. Rufaa iliyotupwa mwaka 2016 ilihusu kutiwa hatiani, yaani kama kweli mdogo wako aliua, na kama aliua kwa nia ovu. Uamuzi wa Februari ni uamuzi mpya wa Mahakama Kuu, uliotolewa katika maombi mapya, juu ya jambo ambalo mwaka 2016 halikuwa na mahali pa kusikilizwa, nalo ni kiasi cha adhabu. Uamuzi huo nao unakatiwa rufaa katika Mahakama ya Rufaa, na kwa mashauri ya ukanda wa ziwa upande wa Kenya mahakama hiyo huketi Kisumu.

Shida iliyopo ni siku. Kanuni za Mahakama ya Rufaa ya Kenya zinampa anayetaka kukata rufaa ya jinai siku 14 tangu uamuzi uliposomwa awe ametoa notisi ya rufaa, na aliye kifungoni huikabidhi notisi hiyo kwa mkuu wa gereza ili ifikishwe mahakamani. Barua yako imenifikia mwezi Mei. Kwa hiyo notisi pekee haitoshi. Ni lazima itanguliwe na maombi ya kuongezewa muda, yakiungwa mkono na hati ya kiapo inayoeleza kilichomchelewesha. Mahakama hutazama amechelewa kwa muda gani, kwa sababu ipi, kama rufaa yenyewe ina uzito wowote, na kama upande wa pili utaumizwa na ucheleweshaji huo.

Hapa kuna kitu ambacho huenda hamkukitilia maanani. Juu ya ukurasa wa kwanza wa nakala yako, kwenye pembe ya kulia, upo muhuri wa gereza wenye tarehe 3 Aprili. Maana yake ni kwamba uamuzi wa maandishi ulimfikia mfungwa siku 50 baada ya kusomwa. Muhuri huo ni ushahidi, na nakala yenye muhuri iambatanishwe kwenye hati ya kiapo. Lakini unaeleza ucheleweshaji wa hadi tarehe 3 Aprili tu. Siku zote tangu hapo hadi maombi yatakapopokelewa zinahitaji maelezo yake: lini aliomba kuonana na afisa wa gereza, lini barua yake ilifika kwako, lini ulipata mtu wa kuifasiri. Aandike tarehe hizo moja baada ya nyingine bila kuruka. Nimewahi kuona maombi yenye hoja nzito yakitupwa kwa sababu wiki tatu za katikati hazikuelezwa na mtu yeyote, na kila nikikumbuka shauri lile huumia.

Kwa faida ya wasomaji wengine, nieleze kwa kifupi uamuzi wa Muruatetu ni nini. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimlazimisha jaji kumhukumu kifo kila mtu mzima aliyepatikana na hatia ya mauaji, bila kujali umri wake wala mazingira ya tukio. Tarehe 14 Desemba 2017 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba ulazima huo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa unamnyima mtu haki ya kusikilizwa juu ya adhabu yake. Adhabu ya kifo yenyewe haikufutwa. Kilichoondolewa ni ule ulazima. Wafungwa wengi wakaanza kuomba wasikilizwe upya, hata waliofungwa kwa makosa mengine, hadi tarehe 6 Julai 2021 mahakama hiyohiyo ilipotoa maelekezo kwamba uamuzi ule unahusu kosa la mauaji peke yake, na ikataja mambo ya kuzingatiwa: umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia na kumbukumbu zake, majuto yake, uwezekano wa kurekebika na kurudi katika jamii, namna marehemu alivyotendewa, na athari kwa familia ya marehemu. Maelekezo hayo ndiyo mizani, na mdogo wako anapaswa kuyashika mkono mmoja huku uamuzi wa Jaji ukiwa mkono wa pili.

Nasema hivyo kwa sababu wafungwa wengi hupoteza rufaa za namna hii kwa kuandika mambo yasiyoulizwa. Mfungwa anajaza kurasa akieleza kwamba shahidi wa pili alidanganya, kwamba usiku ule hapakuwa na mbalamwezi, kwamba kasia halikuwa lake. Hayo yalikwisha mwaka 2016. Mahakama ya Rufaa haitauliza tena nani alimpiga nani, na wala haibadilishi adhabu kwa sababu tu majaji wake wangetoa adhabu nyepesi zaidi kama wangeketi wao. Huingilia pale Jaji alipofuata msingi usio sahihi, alipoacha jambo alilopaswa kulipima, alipopima jambo lisilohusika, au adhabu ilipozidi mno. Basi kila sababu ya rufaa ianze na ukurasa na mstari wa uamuzi, kisha ioneshe kosa. Nimeyaona makosa matatu.

La kwanza lipo ukurasa wa tatu, pale Jaji anapoandika kwamba mwombaji tayari amekwishapata huruma ya Rais na kwamba mahakama haina cha kuongeza. Huruma ya Rais ni kitu kimoja na upimaji wa adhabu mahakamani ni kitu kingine kabisa. Oktoba 2016 Rais alibadilisha adhabu za watu 2,747 kwa pamoja; hakuna aliyeulizwa habari za umri wake, wala ugomvi wa nyavu, wala alichofanya tangu afungwe. Tena wale walioleta shauri la Muruatetu wenyewe walikuwa wamekwishabadilishiwa adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, na bado iliamriwa warudi Mahakama Kuu wasikilizwe juu ya adhabu. Kama huruma ya Rais ingekuwa imefunga njia, wao wangekuwa wa kwanza kufungiwa.

La pili ni ule mstari usemao kwamba kwa kuwa alikana kosa wakati wa kesi, hawezi kusema leo kwamba anajuta. Ni kweli kwamba aliyekiri mapema huhesabiwa jambo jema. Lakini kukana shitaka ni haki ya kila mshitakiwa, na mtu aliyekana akiwa na miaka 22 anaweza kujuta kwa dhati akiwa na 36. Jaji alipaswa kutazama majuto ya leo yanathibitishwa na nini. Umenieleza kwamba mwaka 2019 mdogo wako aliandika barua kwa familia ya marehemu kupitia kwa kasisi wa gereza, na barua hiyo imetajwa kwenye hati yake ya kiapo aya ya tisa; uamuzi hauigusi kabisa.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko mengine, na ninyi mlioko Mwanza mna sehemu yenu ndani yake. Ukurasa wa nne Jaji anasema hakuna anayeonekana kuwa tayari kumpokea mfungwa akitoka. Amelitoa wapi? Amelitoa kwenye taarifa ya afisa wa uangalizi, yule anayetumwa kwenda kuuliza nyumbani na kijijini kabla adhabu haijapimwa, na taarifa yenyewe, kama ilivyonukuliwa hapo, inasema kwamba makazi ya familia yako Tanzania na kwamba ndugu hawakufikiwa. Kutofikiwa na kutokuwa tayari ni mambo mawili. Afisa hakuvuka mpaka, wala hakuna aliyewapigia simu, kisha ukimya ambao haukuwa wenu ukahesabiwa dhidi ya mfungwa kana kwamba mmemkana. Hili nalisema kwa uchungu, maana familia nyingi za wavuvi zinaishi pande zote mbili za ziwa, na mtu asionekane hana ndugu kwa sababu tu ndugu zake wako ng'ambo.

Sasa kazi yenu. Wewe na yeyote atakayempokea mwende kwa kamishna wa viapo hapa mjini mkaape hati za viapo. Msiandike kwamba ni kijana mzuri. Kila dada husema hivyo. Andikeni ataishi nyumba ipi na katika mtaa gani, chumba kipo au hakipo, atafanya kazi gani, nani atakayemsimamia, na kwa nini hamkufikiwa na afisa yule ilhali simu zenu zilikuwepo. Ambatanisheni barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba familia inaishi hapo na inajulikana. Kutoka gerezani ziletwe nakala za vyeti vyake. Umesema amefuzu useremala, na cheti kina maneno mengi kuliko sifa. Mahakama ya Rufaa inaweza, kwa ombi maalumu na kwa sababu ya kutosha, kupokea ushahidi wa nyongeza, na hata isipoupokea, shauri likirudishwa Mahakama Kuu karatasi hizo zitakuwa tayari.

Msilikwepe lililo baya. Jaji ameandika kwamba marehemu alipigwa mapigo matatu, mawili akiwa ameshaanguka. Hilo halifutiki, na rufaa inayolinyamazia itasomeka kama ya mtu ambaye bado hajaelewa alichotenda. Alitaje mwenyewe mapema, kwa maneno yake, kisha ndipo aonyeshe umri wake, ugomvi wa ghafla, chombo kilichokuwa mkononi kwa kazi na si kwa kuandaliwa, na miaka aliyokwisha kukaa ndani, ikiwamo ile mitatu ya mahabusu kabla ya hukumu, ambayo sheria ya Kenya inataka izingatiwe mtu anapopewa kifungo cha miaka.

Akishinda, mahakama inaweza kulirudisha shauri kwa jaji mwingine ili adhabu ipimwe upya, au mahakama yenyewe ikapanga adhabu mpya. Asitarajie kufunguliwa mlango siku hiyohiyo. Anachokitafuta ni idadi ya miaka badala ya maisha, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu mwenye kifungo cha maisha hapati punguzo la theluthi moja kwa tabia njema, na mwenye kifungo cha miaka hulipata. Akishindwa, bado anaweza kumwandikia Rais kupitia kamati ya ushauri iliyowekwa na ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya, ambako haulizwi kama Jaji alikosea.

Mimi ni wakili wa Tanzania na siwezi kusimama mahakamani Kisumu. Mnahitaji wakili mwenye leseni ya huko. Kenya ina sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016 na chombo cha taifa kinachoisimamia, na mfungwa asiye na uwezo huomba kupitia gereza. Msimpe fedha mtu yeyote anayewaambia kwamba anamfahamu karani. Na maombi ya kuongezewa muda yatoke wiki hii, hata kama vyeti bado havijapatikana, kwa kuwa vyeti vinaweza kufuata na siku zilizopita hazirudi.

SWALI: Kaka yangu yuko gereza la Butimba. Mwezi uliopita amehukumiwa kunyongwa kwa mauaji. Je, anaweza kuomba adhabu isikilizwe upya kama wanavyofanya Kenya?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Kwa sheria ya Tanzania ilivyo, hapana. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamwachia jaji adhabu moja tu kwa mtu mzima aliyepatikana na hatia ya mauaji, na hiyo haiwezi kupimwa upya kwa sababu haikupimwa tangu mwanzo. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mbushuu, ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikaiacha kwa kuona kwamba Katiba inairuhusu. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliamua kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi na ikaiagiza Tanzania iuondoe. Mwezi huohuo nchi yetu ilijitoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki huko, na tangu tarehe 22 Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Mimi naona ni hasara kubwa, na nimekwisha kuliandika hilo kwenye safu hii.

Kwa hiyo njia ya kaka yako ni rufaa dhidi ya kutiwa hatiani, kwa Mahakama ya Rufani, ambayo huja kufanya vikao hapa Mwanza. Notisi hutolewa ndani ya siku 30, na kwa kuwa unasema ni mwezi uliopita, zihesabu leo kabla hujalala. Swali ambalo wakili wake anapaswa kulisukuma, kama ushahidi unaruhusu, ni kama kweli palikuwa na nia ovu, au kaka yako alikasirishwa ghafla na kutenda kabla hasira haijapoa. Majaji wakiona ni kuua bila kukusudia, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, na chini ya hapo jaji ana uhuru wa kuangalia mtu na mazingira yake. Katika nchi yetu, upimaji wa adhabu unapatikana kwa kupitia mlango huo.

Ndugu wengi husema, tukishindwa tutaomba mapitio. Mapitio huombwa ndani ya siku 60 kwa mahakama ileile iliyotoa hukumu, na kwa sababu chache sana, kama kosa la wazi linaloonekana kwenye kumbukumbu au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Si rufaa ya pili, na yakishaamuliwa hayaombwi tena. Nguvu zote ziwekwe kwenye rufaa.

SWALI: Sisi ndio ndugu wa marehemu. Kaka yetu aliuawa Kenya mwaka 2012. Tumesikia muuaji ameomba kupunguziwa, amekataliwa, na sasa amekata rufaa. Hakuna aliyetuita. Je, hatuna neno?
Familia, Musoma

JIBU: Poleni sana, na nimeipa barua yenu nafasi kwa makusudi katika toleo hili hili. Mna neno, na sheria inalitambua. Maelekezo ya Julai 2021 niliyoyataja juu yanaitaka mahakama izingatie athari za kosa kwa familia ya marehemu, na Kenya ina sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathirika wa makosa ya jinai inayowapa nafasi ya kusikilizwa. Shida ni kwamba anwani zenu ziko Musoma, na huenda jalada halina hata namba moja ya simu ya kwenu.

Mwandikieni mwendesha mashtaka wa umma wa eneo lile alikohukumiwa mtu huyo, mkitaja namba ya shauri, mjitambulishe, na mwombe mjulishwe tarehe za rufaa na kwamba shauri likirudishwa Mahakama Kuu maelezo yenu yapokelewe kabla adhabu haijapimwa. Katika maelezo hayo hamlazimiki kudai adhabu yoyote, wala hamlazimiki kusamehe. Elezeni alikuwa na umri gani, alikuwa akimlisha nani, watoto walikuwa darasa la ngapi alipokufa na wako wapi leo, mama yenu anaishije, na kama kuna aliyewahi kuja kuwaomba radhi. Nakala moja muigongeshe muhuri wa siku mliyoipeleka, na mkae nayo.